Ottmar Rapp na Hewa ya Magendo

Gari la Ottmar Rapp lilizimika Jumamosi saa tatu asubuhi mbele ya duka la mikate la Lautersbronn, saa ambayo nusu ya mji iko kwenye foleni pale na haina la kutazama isipokuwa barabara. Lilikohoa mara mbili, likatikisika kama mtu aliyekumbuka jambo la aibu, likanyamaza. Ottmar akazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini ikashika, ikanguruma kwa kupanda na kushuka, ikazimika tena.

"Ottmar!" sauti ikatoka kwenye foleni. "Ukurasa wa ngapi huo?"

Watu wakacheka. Aliyeuliza alikuwa Gebhard Munz, katibu wa chama cha magari ya zamani, na utani wake kila mtu aliuelewa. Ottmar alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kule bondeni kilichokuwa kikitengeneza mifumo ya kupulizia petroli ndani ya injini. Hakuwa mhandisi wala fundi. Alikaa ghorofa ya tatu, kwenye idara ya maandishi, amevaa tai, na yeye ndiye aliyeandika kitabu cha kutafuta hitilafu za mfumo ule: kurasa mia moja na kumi na mbili, hatua sitini na nne, lugha kumi na moja. Huko kwenye chama walimwita Profesa, na Ottmar alijifanya hapendi.

Gari lenyewe lilikuwa zuri. Milango miwili, silinda sita, rangi ya haradali, la mwaka 1975. Kampuni iliyoliunda hatutaitaja, maana haikuwa na kosa lolote katika mambo haya. Mwenye kosa alikuwa Ottmar, na alikuja kulisema mwenyewe mbele ya watu thelathini na wanne. Lakini hiyo ilikuwa Mei, na sasa tuko mwanzoni mwa Aprili, foleni inatazama.

Mkewe Irmel alishuka, akaweka mfuko wa mikate juu ya paa, akakunja mikono ya sweta. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minane, kwa hiyo aliposema "Haya, sukuma!" hakuna aliyethubutu kubaki amesimama. Wauzaji wawili wa mikate walitoka na aproni zao. Gebhard akaja. Hata kasisi akasogea, ingawa alisukuma kwa kidole zaidi kuliko kwa bega. Wakaliteremsha gari hadi kona ya kwanza, na toka hapo mteremko ukalipeleka nyumbani bila injini, Ottmar ameshika usukani na kutazama mbele kama nahodha.

"Leo limeharibika mara ya ngapi?" Irmel aliuliza walipofika gerejini.

"Halijaharibika. Linaonyesha dalili."

"Basi ni mgonjwa mwenye dalili za kusukumwa."

Ugonjwa ulikuwa na miezi sita. Injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta ilipanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa pumu. Ukikanyaga, ilisita kwanza, kana kwamba inaomba muda wa kufikiri. Kwenye taa za barabarani ilizimika. Ottmar aliupokea ugonjwa huo Oktoba kwa furaha fulani ya siri. Hatimaye, alijiambia, mfumo umepatwa na tatizo, na tatizo limempata mtu wake.

Mfumo wenyewe hauna ugumu. Hakuna kabureta. Hewa inayovutwa na injini inainua sahani ya chuma, pana kiasi cha kisahani cha chai. Sahani ikiinuka kidogo, petroli inatoka kidogo. Ikiinuka sana, inatoka nyingi. Basi. Kila kitu kinategemea sahani ile kuijua hewa yote inayoingia. Ottmar alikuwa amelieleza jambo hilo kwa kurasa kumi na moja na michoro saba.

Majira ya baridi yote alikuwa chini ya boneti. Alibadilisha chujio la petroli. Alibadilisha pampu. Alibadilisha nozeli zote sita, plagi zote sita na waya zake, na mirija ya raba ambayo haikuwa na tatizo lolote isipokuwa umri, kama yeye. Kile kidude cha joto kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi alikibadilisha mara mbili, maana cha kwanza alikishuku kuwa kibovu, na cha pili alikishuku kuwa kama cha kwanza. Kila baada ya badiliko alikaza skrubu hii na kulegeza ile. Nguo zake zilinuka petroli, mikono ikanuka, hadi mchuzi wa dengu ukanuka. Paka alihamia kwa jirani, na alipoitwa alitazama tu kupitia dirisha.

Baada ya aibu ya dukani, Ottmar aliamua kuanza upya, kwa utaratibu, hatua ya kwanza hadi ya sitini na nne, bila kuruka hata moja. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima. Siku ya nne alikuwa amesimama gerejini, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma kwa sauti:

"'Iwapo shinikizo la udhibiti halilingani na kiwango kilichotajwa licha ya kutekelezwa kwa hatua zilizotangulia, isipokuwa zile zisizohusika, basi hatua zinazohusika zirudiwe kwa mpangilio ufaao.'" Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. "Mpumbavu gani ameandika hii?"

Irmel alikuwa akipita na kikapu cha nguo. "Angalia chini ya ukurasa."

Chini ya ukurasa palikuwa na herufi mbili ndogo: O.R.

Ottmar alikaa juu ya ndoo. Aliona kwa mara ya kwanza mafundi wa nchi kumi na moja, kila mmoja juu ya ndoo yake, kila mmoja akiuliza swali lile lile kwa lugha yake.

"Mpigie simu Hannelore Bitzer," Irmel alisema.

"Bado yu hai?"

"Namwona kila Jumanne kwenye mazoezi ya majini. Yu hai kuliko wewe. Wewe ukiingia kwenye bwawa dakika tano unaomba taulo."

Hilo Ottmar hakulitaka. Hannelore Bitzer alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ishirini na tisa, chini, kwenye meza za kupimia. Kila kifaa kilichotoka kilipita mikononi mwa wanawake wa pale, wakakifunga mezani, wakakipitishia mafuta, wakakirekebisha mpaka kikatoa kipimo sawasawa. Wenzake walitazama mishale ya geji. Hannelore alitazama mishale pia, lakini alisikiliza kwanza, na walimwita Sikio. Zamani, kitabu cha Ottmar kilipokuwa bado rasimu, kiliteremshwa kwake akikague. Kilirudi ghorofa ya tatu kimejaa kalamu nyekundu. Pembeni mwa ukurasa mmoja alikuwa ameandika: *Hiki ni Kijerumani?*

Tangu siku ile, Ottmar alipomwona kwenye mkahawa wa kiwanda alikuwa anakumbuka ghafla kwamba hana njaa.

"Siwezi kumwita," alisema. "Nitamwambia nini? Mwandishi wa kitabu ameshindwa na kitabu?"

"Mwambie gari halitembei. Ni maneno mawili tu. Au ungependa nikuandikie?"

Mwishowe alipiga simu Irmel mwenyewe, kutoka jikoni, na Ottmar alisikia tu kicheko kirefu cha wanawake wawili.

Hannelore alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata saa nane mchana kwa baiskeli. Alikuwa na miaka sabini na minane, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, koti la mvua la buluu. Kwenye kikapu cha baiskeli alikuwa na glavu, tochi, na kipande cha mpira wa bustani chenye urefu wa nusu mita.

"Bwana Rapp."

"Bibi Bitzer! Karibu, karibu sana. Kahawa iko tayari, keki pia."

"Kahawa baadaye."

"Basi, nimeandaa muhtasari." Ottmar akamnyooshea faili nene lenye vibandiko vya rangi nne. "Hatua zote sitini na nne, matokeo, tarehe, na halijoto ya nje."

Hannelore alilipokea faili, akalipima uzito kwa mkono, akaliweka sakafuni mbele ya gari, akapiga goti juu yake. "Asante. Saruji yako ya baridi. Liwashe."

Ottmar aliwasha. Injini ikaanza pumu yake. Hannelore aliweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine akaitembeza juu ya injini, taratibu, huku ametazama ukutani. Ottmar alisimama nyuma yake akijitahidi kutosema kitu, na akashindwa.

"Mimi nadhani ni kigawa-mafuta. Katika hatua ya hamsini na moja..."

"Shh."

Akanyamaza.

"Ilianza lini?"

"Kwa kumbukumbu zangu, tarehe kumi na mbili Oktoba, asubuhi, nje kulikuwa na nyuzi nane na unyevunyevu wa..."

"Sikuuliza hali ya hewa, Bwana Rapp." Ncha ya mpira ilikuwa imesimama. Hannelore akamulika tochi. "Na hili pambo?"

Juu ya injini ya miaka arobaini na minne, kati ya vyuma vya kijivu vilivyochoka, kulikuwa na kifuniko cha oili kinachong'aa kama jino la dhahabu. Kilikuwa cha aluminiamu, kimesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na juu kilichorwa O.R. kwa herufi za kujipinda.

"Ah, hicho. Hicho hakihusiani na mfumo. Nilikiagiza kwenye katalogi. Zawadi."

"Kakupa nani?"

"Mimi." Ottmar alihisi haja ya kueleza. "Siku yangu ya kuzaliwa."

"Umezaliwa lini?"

"Tarehe ishirini na nane Septemba."

Hannelore aliushika ule mng'ao kwa glavu, injini ikiwa bado inanguruma, akaanza kuuzungusha.

"Bibi Bitzer, oili itaruka!"

"Wewe sikiliza tu."

Kifuniko kikatoka. Tundu likabaki wazi, likitoa mvuke kidogo. Injini iliendelea kupanda na kushuka vilevile kama mwanzo. Hannelore akakirudisha kifuniko. Vilevile. Akakitoa tena. Vilevile.

"Mzima ukimfungua hapa anazimika papo hapo," alisema. "Huyu nimemfungua, nimemfunga, nimemfungua, wala hajali. Kwa nini hajali?"

Jibu Ottmar alilijua. Lilimpanda kutoka kwenye kola ya shati hadi masikioni, la moto. Alikuwa amelieleza kwa michoro saba: sahani lazima ijue hewa yote. Na hapa, kupitia kifuniko alichojizawadia, chini ya raba bapa isiyolingana na shingo ya tundu, hewa ilikuwa ikiingia kwa magendo. Ilipita tumboni mwa injini, ikapanda na bomba la moshi wa oili, ikafika kwenye silinda bila hata kuisalimia ile sahani. Injini ilipata hewa isiyoandikiwa petroli. Miezi sita ilikuwa na njaa, na yeye alikuwa akiibadilishia vijiko.

"Kwa sababu... haijafungwa," alisema, akanyoosha mkono akazima injini.

"Tangu Septemba."

"Tangu Septemba."

"Kile cha zamani kiko wapi?"

"Nilikitupa. Kilikuwa kibaya."

"Kilivuja?"

"Hapana." Ottmar alitazama viatu vyake. "Kibaya cha sura."

Mlango wa gereji ukafunguka, Irmel akachungulia. "Nasikia kimya. Mama na mtoto wazima?"

"Bibi Rapp, una zile raba nyekundu za chupa za matunda?" Hannelore aliuliza.

Irmel alileta tatu. Hannelore alizipima kwa macho, akachagua moja, akaifuta, akaivalisha chini ya kifuniko, akakikaza. "Ikikaa kwenye oili itavimba baada ya siku chache, kwa hiyo agiza kifuniko halisi leo. Kibaya cha sura. Hii ni ya kujaribia tu. Washa."

Injini ilishika mara moja. Ikanguruma laini, sawasawa, sauti ambayo Ottmar alikuwa hajaisikia tangu kiangazi. Alifungua mdomo kushukuru. Kabla hajasema neno, moshi mweusi ukafumka kwenye ekzosi, injini ikalewa, ikayumba, ikazama katika petroli yake yenyewe na kuzimika.

Jambo moja Ottmar alilikiri baadaye kwa Irmel tu. Katika sekunde ile, moshi ukiwa umejaa gereji na wote watatu wanakohoa, alifurahi. Alifikiri: amekosea! Bibi Bitzer amekosea! Miezi sita ya kazi yake ilikuwa inarudi kwake na heshima zake zote.

"Skrubu ya mchanganyiko," Hannelore alisema akipunga moshi kwa lile faili. "Umeigusa?"

Furaha ikaisha.

"Kidogo."

"Kuongeza petroli?"

"Injini ilionekana ina kiu."

"Mara ngapi?"

Ottmar alifikiri. Novemba aliizungusha. Baada ya Krismasi pia. Februari, siku ile ya hasira, aliizungusha pamoja na skrubu nyingine mbili. "Sikuandika," alisema.

Katika kitabu chake, ukurasa wa tatu, ndani ya kisanduku, kwa herufi nene, kulikuwa na amri moja tu isiyo na masharti: *Kila badiliko liandikwe.*

"Halijoto ya nje umeandika," Hannelore alisema.

"Ndiyo."

"Haya. Basi ugonjwa umeondoka, yamebaki matibabu. Kesho saa nane."

Alikuja Ijumaa na Jumamosi pia, na alasiri zile mbili walikuwa wakiondoa kila kitu Ottmar alichokifanya majira ya baridi. Hannelore alifunga geji, akasikiliza, akamwambia robo mzunguko kushoto. Ottmar akazungusha robo. Zaidi kidogo. Akazungusha kidogo. Kile kidude cha joto cha kwanza, ambacho kilikuwa kizima siku zote, kilitolewa kwenye boksi la vyuma chakavu na kurudishwa mahali pake. Nusu ya nozeli za zamani pia. Mara kadhaa Ottmar alitaka kueleza nadharia, na kila mara mkono wenye glavu uliinuka kidogo tu na nadharia ikarudi ilikotoka. Jumamosi saa kumi jioni injini ililia kwa sauti moja. Hannelore alitoa kifuniko: ikazimika papo hapo. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu afike, na tabasamu lenyewe lilielekea kwenye injini.

Irmel aliwaandalia maultaschen, vifuko vya unga vyenye nyama ndani, kwenye mchuzi, na saladi ya viazi. Walikula jikoni. Ottmar alikuwa hana raha, kwa sababu tangu Alhamisi jambo moja lilikuwa limerudi kichwani mwake. Lilikuwa limelala huko miaka arobaini na mitano, na sasa halikutaka kuondoka. Angeweza kulinyamazia. Aliyekuwa akilijua alikuwa yeye peke yake, pengine na Hannelore, na Hannelore hakuonyesha dalili ya kukumbuka. Aliweka kijiko chini.

"Bibi Bitzer, ile rasimu. Uliniandikia marekebisho ishirini na matatu kwa kalamu nyekundu."

"Nilifanya hivyo?"

"Niliyakubali ishirini na mawili. La ishirini na tatu lilikuwa ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Uliandika kwamba kabla ya kugusa chochote, mtu ahakikishe kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili vimekaa barabara. Nikalikata. Nilisema mteja aliyenunua gari la bei ile hawezi kuambiwa akafunge kifuniko. Nilisema ni jambo la kitoto."

Irmel aliacha kutafuna.

Hannelore alishusha kijiko. "Sikumbuki hata kidogo," alisema. "Lakini nakuamini. Linafanana na wewe."

"Nilipaswa kukuambia mapema."

"Mapema lini? Kwenye mkahawa? Ulikuwa unakimbia kila ukiniona. Sisi kule chini tulifikiri una matatizo ya tumbo. Gisela alitaka kukuletea chai ya shamari."

Irmel alicheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Ottmar alisema, maana alitaka kulimaliza, "mafundi wa lugha kumi na moja wanafungua kigawa-mafuta kwa sababu yangu."

"Wala. Mafundi wengi huanza na kifuniko. Ni akili ya kawaida."

"Kweli?"

"Kweli. Wanaoumia ni wale wanaosoma kitabu." Akajiongezea saladi. "Bibi Rapp, umetia haradali humu? Tamu sana."

Katikati ya Mei ilikuwa zamu ya Ottmar kuzungumza katika mkutano wa chama, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni ya Lautersbronn. Gebhard alikuwa amebandika tangazo mlangoni: *Kutafuta hitilafu kwa utaratibu. Anazungumza mwandishi wa kitabu mwenyewe.* Walikuja watu thelathini na wanne. Hannelore alikaa nyuma na glasi yake ya pombe ya tufaha iliyochanganywa na maji ya soda.

Ottmar alikuwa ameandika hotuba ya kurasa kumi na nane. Alipanda, akatazama ukurasa wa kwanza, akaukunja akautia mfukoni. Akawaeleza yote: duka la mikate, ndoo, sentensi ambayo hata yeye hakuielewa, kifuniko chenye herufi za kujipinda, kalamu nyekundu, rekebisho la ishirini na tatu. Alikitoa kifuniko chenyewe kutoka kwenye koti akakipitisha mkono kwa mkono. Watu walicheka. Walicheka mahali penyewe, tena kwa nguvu, na Ottmar akaanza kuhisi kwamba kusema ukweli si kugumu hivyo, hasa ukiwa na ukweli wenye kituko. Mwisho alinyoosha mkono kuelekea nyuma.

"Aliyeona ni Bibi Bitzer, yule pale. Kwa nusu saa, na kipande cha mpira wa bustani."

Hannelore aliinua glasi bila kusimama. Watu wakapiga makofi. Gebhard akainua mkono.

"Ottmar, umetuchekesha sana, hatukujua una kipaji hicho. Sasa utani basi. Tuambie ukweli kuhusu kile kidude cha joto. Langu lina dalili zilezile."

"Nimewaambia ukweli. Angalia kifuniko."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini kile kidude, shinikizo lake linatakiwa liwe ngapi?"

Vitabu vya kumbukumbu vilifunguka chumba kizima. Mikono saba ilikuwa juu. Ottmar alimtazama Hannelore kule nyuma, na Hannelore akainua mabega. Basi akajibu. Alijibu kwa saa nzima, na alijibu vizuri, kwa maana alikuwa amenunua viwili. Walipotoka, Gebhard alimshika bega na kumwambia kwamba hata Profesa ana haki ya kuwa mnyenyekevu mara moja moja, ila asizidishe.

Jumapili iliyofuata chama kilipanda mlima. Magari kumi na manane yalipangwa uwanjani, boneti zinametameta, watu wanapeana mikono na kusifiana rangi. Ottmar alikuwa amemwalika Hannelore, na kwenye injini yake kulikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki, kipya, kibaya kabisa. Hannelore alilizunguka gari lile la haradali mara moja, akapitisha kiganja juu ya paa.

"Unajua, sijawahi kukaa ndani ya gari la namna hii," alisema.

"La muundo huu?"

"La muundo wowote wenye kifaa chetu. Nilikuwa na pikipiki ndogo, baadaye kile kigari cha mume wangu cha kubebea rangi. Vifaa vilivyopita mikononi mwangu sijui ni elfu ngapi. Tulivifunga kwenye boksi, vikaondoka."

Ottmar aliushika ufunguo mfukoni. Gari lile lilikuwa lake miaka ishirini na sita. Irmel alikuwa ameliendesha mara mbili, na mara zote mbili Ottmar alikaa pembeni akikanyaga breki ambayo haikuwepo. Alimtazama mkewe. Irmel akafungua mlango wa abiria, akakunja kiti cha mbele, akamwonyesha kwa kidevu nafasi ya nyuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na miguu.

"Ingia, mzee wangu. Utakuta mto."

Aliingia. Magoti yake yalikuwa karibu na masikio. Hannelore alisogeza kiti mbele kabisa, akarekebisha kioo, akawasha. Alikaa kidogo bila kutia gia, kichwa ameinamisha upande mmoja.

Kisha wakaondoka. Barabara ya kupanda milima ya Alb ina kona kumi na moja, msitu wa miti mirefu kulia, bonde kushoto, na majani siku ile yalikuwa mapya kabisa, ya kijani cha kuumiza macho. Kona mbili za kwanza Hannelore alizipita kwa adabu. Ya tatu alishusha gia na kukanyaga, na gari likavuta bila kusita, likampita Gebhard, likampita daktari wa meno na gari lake jekundu. Ottmar alibonyea kwenye mto. Neno "taratibu" lilifika mpaka kwenye meno yake, akalirudisha.

"Kule kwenye meza," Hannelore alisema kwa sauti ya juu, ili asikike, "kifaa chetu kilikuwa kinalia peke yake. Mlio mwembamba, kama mbu. Sikujua kwamba ukikitia ndani ya kitu kizima, kinasikika hivi."

"Kinasikikaje?" Irmel aliuliza.

Hannelore alifikiri kona nzima. "Kikubwa," alisema, akatia gia ya tatu.